Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tusimulie

Wako wanafunzi wenzetu, na si wachache, ambao huchagua somo la historia kwa sababu moja tu: wanadhani ya kuwa huko hawatakutana na hesabu. Husema kwamba hesabu ni ya wenye kupenda namba, na historia ni ya wenye kupenda hadithi. Mimi naona fikira hiyo haifai, tena ina hasara. Napenda kutoa maoni yangu hapa gazetini ili wenzangu wayapime, na aliye na jibu aliandike katika toleo la muhula ujao.

Maoni yangu ni haya. Mwanafunzi wa historia asiyehesabu hawezi kujua lipi lilikuwa kubwa na lipi lilikuwa dogo katika mambo yaliyopita. Atasimulia lile lenye kishindo, na lile lililowamaliza watu kimya kimya atalipita. Wala hesabu inayotakiwa si ngumu. Ni kujumlisha, kutoa, kugawanya, kutafuta ngapi katika mia, na kutafuta wastani. Mambo hayo yote tulifundishwa katika shule ya msingi.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Basi nachukua mfano mmoja ambao kila msomaji wa gazeti hili anaujua, nao ni ujenzi wa reli kutoka Mombasa mpaka ziwa la Victoria. Kazi hiyo ilianza mwaka 1896, na reli ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi wa Desemba mwaka 1901. Urefu wake ulikuwa kama maili 582.

Mwulize mwanafunzi yeyote swali hili: Ni kitu gani kilichowaua wajenzi wa reli? Hapana shaka atakujibu mara moja, "Simba wa Tsavo." Simba hao wawili wana sifa duniani kote. Waliuawa mwezi wa Desemba mwaka 1898 na mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo, J. H. Patterson. Yeye aliandika kitabu juu yao mwaka 1907, na mwaka 1924 ngozi zao zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, ambako simba hao wamesimamishwa na kutazamwa na watu mpaka leo. Filamu nazo zimetengenezwa, mojawapo mwaka 1996. Mtu akisikia hayo yote atadhani ya kuwa simba ndio waliokuwa adui mkubwa wa reli.

Sasa na tufungue daftari. Serikali ya wakati ule iliandika hesabu ya vibarua na mafundi walioletwa kutoka India kwa mikataba. Hesabu yenyewe ni hii:

Waliorudi kwao baada ya kazi: 16,312
Waliorudishwa kwa ugonjwa au ulemavu: 6,454
Waliokufa: 2,493
Waliobaki Afrika ya Mashariki: 6,724
Jumla ya walioletwa: 31,983

Jambo la kwanza analopaswa kulifanya mwanafunzi ni kujumlisha mwenyewe. Asikubali jumla kwa kuwa imepigwa chapa. Mkijumlisha hesabu zile nne mtaona ya kuwa zinafika 31,983 sawasawa, wala hapana mtu aliyepotea njiani. Hiyo haithibitishi kwamba kila tarakimu ni kweli, lakini inaonyesha kwamba mwandishi wa daftari alikuwa mwangalifu. Zingalikuwa hazijumlishiki, tungalijua ya kuwa pana kosa la kutafutwa.

Jambo la pili ni kuuliza, "Katika wangapi?" Tarakimu 2,493 ikisimama peke yake haisemi neno. Wakifa watu 2,493 katika nchi yenye watu milioni kumi ni jambo moja; wakifa katika kundi la watu 31,983 ni jambo jingine kabisa. Gawanyeni, mtapata karibu 7.8 katika mia. Yaani katika kila watu kumi na watatu waliopanda meli kuja kujenga reli, mmoja hakurudi kwao wala hakubaki hai huku. Alizikwa.

Tena tazameni mstari wa pili, ambao wasimuliaji wengi huuruka. Watu 6,454 walirudishwa kwao kwa kuwa wagonjwa au vilema. Hao ni 20 katika mia, mtu mmoja katika kila watano. Ukiwaweka pamoja waliokufa na walioharibika miili, unapata watu 8,947, ambao ni 28 katika mia. Basi zaidi ya robo nzima ya watu wale walikufa au walivunjika kwa sababu ya kazi na maradhi. Hebu niambieni, ni hadithi gani tuliyowahi kusimuliwa juu ya hao 6,454? Mimi sijaisikia.

Na simba je? Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson aliandika ya kuwa simba waliwaua Wahindi 28, mbali na Waafrika. Baadaye, alipowaandikia watu wa makumbusho, alitaja jumla ya watu 135. Tuchukue hesabu hiyo kubwa zaidi, na tena tujifanye kwamba wote 135 walikuwa Wahindi wa reli, ambavyo sivyo. Hata hivyo, 135 katika 2,493 hawafiki sita katika mia. Tukichukua wale 28, ni mmoja tu na kitu katika mia. Waliobaki, zaidi ya tisini na nne katika kila mia, waliuawa na mambo mengine. Ndiyo malaria, ndiyo kuhara damu, ndiyo vidonda vilivyooza miguuni, ndiyo ajali za kazi. Mbu wa malaria hakuwekwa katika jumba la makumbusho, wala hapana aliyemtengenezea filamu.

Sisemi ya kuwa simba hawakuwa jambo. Walitia hofu kubwa hata vibarua wengi wakakimbia, na kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Hofu nayo ni sehemu ya historia. Ninachosema ni kwamba bila kugawanya tungaliandika katika majibu yetu ya mtihani kwamba simba ndio waliowamaliza wajenzi, nasi tungalikuwa tumesema uongo bila ya kukusudia.

Sasa niseme juu ya wastani, kwa sababu chombo hiki kinapendwa sana na kinapotosha sana. Husemwa mara nyingi ya kuwa kila maili ya reli iligharimu roho nne za watu. Hesabu yenyewe ni sahihi: 2,493 ukigawanya kwa maili 582 unapata nne na kidogo. Lakini maana yake si kwamba ukitembea kando ya reli utakuta makaburi manne kila maili. Maradhi hayakugawanywa kwa kipimo cha mkanda. Pako mahali ambapo kambi ilikaa muda mrefu, maji yakawa machafu, na watu wakafa wengi. Pako mahali ambapo reli ilipita upesi na hapana aliyezikwa. Wastani hutandaza vilima na mabonde pamoja, nchi yote ikaonekana tambarare.

Nitatoa mfano mdogo wa kubuni, ili jambo hili lieleweke. Tuseme vibarua saba waliugua, wakalala hospitali siku hizi: 1, 1, 2, 2, 3, 3, na 30. Jumla ni siku 42, na wastani ni siku 6. Lakini tazameni: katika watu saba, hapana hata mmoja aliyelala siku sita. Sita kati yao walilala siku tatu au chini yake, na mmoja alilala mwezi mzima. Ukizipanga hesabu kwa mfuatano na kuchukua ile iliyo katikati, unapata siku 2, nayo inaeleza hali ya kibarua wa kawaida vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu akikutajia wastani, mwulize pia hesabu ya katikati, na ya chini kabisa, na ya juu kabisa. Asipoweza kukujibu, pokea wastani wake kwa uangalifu.

Jambo jingine ni kukadiria. Wako wanaodhani ya kuwa mtaalamu wa kweli hutaja tarakimu moja tu, na anayetaja mbili hajui kazi yake. Mimi naona ni kinyume. Mwaka 2009 wataalamu nchini Marekani walitoa matokeo ya kupima nywele na mifupa ya simba wale wa Tsavo, kwa kuwa chakula alacho mnyama huacha alama mwilini mwake. Wakakadiria ya kuwa simba mmoja alikula watu kama 11, na mwenzake watu kama 24, jumla kama 35. Lakini hawakuishia hapo. Walisema wazi ya kuwa kwa kipimo chao hesabu ya kweli yaweza kuwa chini mpaka 4, au juu mpaka 72. Huo ndio uungwana wa elimu: kusema unachokijua, na kusema pia upana wa shaka yako.

Tena na tuangalie kwa makini kilichopimwa. Wataalamu walipima watu walioliwa, wala si watu waliouawa. Mtu aliyeuawa na simba, kisha wenzake wakamfukuza simba kabla hajala, hakuacha alama katika nywele za simba. Basi tunazo hesabu tatu, 28 na 135 na 35, na kila moja inajibu swali lake. Ile ya kwanza ni ya Wahindi peke yao. Ya pili ni ya watu wote kama alivyosema mwenye kuwapiga risasi simba, ambaye sifa yake ilikua kadiri hesabu ilivyokua. Ya tatu ni ya walioliwa. Mwanafunzi akizichanganya bila kuuliza nani alihesabu, lini, na alihesabu nini, ataona historia inajipinga, na kumbe yeye ndiye aliyelinganisha embe na nanasi.

Nimefika sasa kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tazameni tena lile daftari la watu 31,983. Ni daftari la watu kutoka India. Waafrika waliofyeka misitu, waliochota maji, waliobeba mizigo na kuchimba udongo wako wapi? Patterson mwenyewe aliandika ya kuwa Waafrika wengi waliuawa na simba, lakini hapana hesabu ya serikali iliyowekwa juu yao. Hapa hesabu inatufundisha jambo ambalo hadithi haitufundishi: mahali penye pengo. Pale ambapo hapana tarakimu, haina maana kwamba hapana aliyekufa. Maana yake ni kwamba hapana aliyeona haja ya kuwahesabu.

Na pengo hilo halikuishia kwenye reli. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918, watu wetu wengi mno walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa yake, ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na labda hawakukumbukwa kabisa. Tena ikasema hesabu yaweza kufika 350,000. Toeni moja katika nyingine: tofauti ni watu 234,000. Umati mzima wa watu umo katika shaka ya daftari ambalo halikuandikwa. Wazee wetu walisema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona watu pia bila daftari hupotea bila habari.

Najua liko jibu la kunipinga. Watasema wenzangu ya kuwa hesabu hukausha historia, humgeuza mtu kuwa tarakimu, na tena ya kuwa babu na bibi zetu waliihifadhi historia bila asilimia wala wastani. Neno hilo lina uzito, nami siwezi kulidharau. Bila masimulizi ya wazee tusingejua mengi ambayo wenye ofisi hawakuyaandika. Lakini mimi sisemi tuache masimulizi. Nasema hesabu hutuonyesha mahali pa kuuliza. Mzee akikuambia, "Walikwenda wengi, wakarudi wachache," usiandike maneno hayo ukaondoka. Mwulize kwa adabu: Katika kijiji chenu zilikuwa nyumba ngapi? Zilitoka watu nyumba ngapi? Ni nyumba gani hazikupata mtu wa kurudi? Huenda mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, na akitaja nyumba moja moja, atataja na majina. Hapo hesabu imemrudishia marehemu jina lake.

Wengine watasema ya kuwa tarakimu za serikali ya kikoloni ziliandikwa kwa faida ya wakoloni. Naam, ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kujifunza kuzichunguza, wala si sababu ya kuzikimbia. Shahidi mwenye upendeleo haachwi nje ya baraza; huitwa, akahojiwa, na maneno yake yakalinganishwa na ya mashahidi wengine. Tarakimu nayo ni shahidi. Asiyejua kugawanya hawezi kuihoji.

Basi tufanye nini sisi hapa shuleni? Ninalo pendekezo moja, nalo halihitaji fedha. Katika ghala nyuma ya jengo la ofisi zimo rejesta za zamani za shule yetu: za kuandikisha wanafunzi wapya, na za mahudhurio ya kila siku. Mchwa wameanza kuzila pembeni. Inasemekana ghala litasafishwa likizo ijayo ili madawati yapate nafasi, na kila mtu anajua karatasi za zamani huelekea wapi siku ya usafi. Zikiisha kuchomwa, hapana mtaalamu wa Chicago wala wa London atakayeweza kuzirudisha.

Naomba Chama chetu cha Historia kiende kwa Mwalimu Mkuu kwa heshima, kikaombe ruhusa ya kuziokoa na kuzihesabu. Wanafunzi wanne, karatasi zilizopigwa mistari, na alasiri moja kila juma zatosha kwa muhula mmoja. Majina ya watu tusiyaandike, maana mambo ya mtu ni ya mtu. Tuandike hesabu tu. Kila mwaka waliingia wangapi? Walimaliza wangapi? Wangapi katika mia waliacha shule kabla ya mtihani wa mwisho, na waliacha mwezi gani? Walitoka mbali kiasi gani, na nusu yao walitoka karibu kuliko maili ngapi? Mahudhurio yalishuka miaka gani, na je, ile ilikuwa miaka ya njaa, au miaka karo ilipopanda? Maswali hayo tukiyajibu, tutakuwa tumeandika kipande cha historia ya nchi hii ambacho hakimo katika kitabu chochote.

Lakini tusisahau somo la Tsavo. Rejesta ya shule huwahesabu walioingia mlangoni. Wale waliobaki nyumbani kwa kukosa karo, na wale wasichana walioolewa kabla ya kufika huku, hawamo. Kwa hiyo katika ukurasa wa kwanza wa kazi yetu tuandike kwa herufi kubwa ni nani tuliowahesabu, na ni nani ambao hatukuweza kuwahesabu. Mwanafunzi atakayekuja baada yetu atajua wapi pa kuanzia.

Wenzangu, anayependa historia asiiogope kalamu ya hesabu, na anayependa hesabu asidhani ya kuwa historia ni porojo. Mmoja ana maswali, mwingine ana kipimo, na kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano wa chama ni Jumatano baada ya masomo. Mwenye rula na aje nayo.

Mwanachama wa Chama cha Historia